Fimbo ya Kiti cha Nyuma

Siku waliyomzika Ennis Pruett, wanachama wenzake wa chama cha wavuvi wa Ziwa Bynum walizisimamisha fimbo zake za kuvulia kando ya jeneza, kama ilivyo desturi yao, zikakaa wima kama walinzi. Udongo wa kaburi haujakauka, mdogo wake Delmus akazikusanya zote kwapani na kuzitia kwenye pikapu yake.

"Nakuhifadhia, shemeji," alimwambia mjane. "Nyumba yako ina unyevu."

Ardith alikuwa amevaa nyeusi, leso imelowa mkononi, na kina mama wa kanisa la Baptisti wamemzunguka. Mwanamke haanzi ugomvi wa fimbo mbele ya kaburi la mumewe. Alinyamaza. Kimya kile kikamkaa kooni majira yote ya baridi kama mwiba wa samaki. Kila Jumapili walipofika kwenye Sala ya Bwana, pale pa kuwasamehe waliotukosea, alifumba mdomo. Delmus, safu mbili mbele yake, alilisema neno lile kwa sauti ya kuwazidi wote.

Hawakujaliwa mtoto. Alichobakiwa nacho ni kibanda cha gatini, ambako yeye na Ennis waliwauzia wavuvi kahawa, vimkate vya moto vyenye soseji ndani, na visamaki hai vya chambo. Ennis alikuwa na mkono wazi. Akishamhesabia mteja visamaki vyake, lazima achote tena na kumtilia wavu wa nyongeza, bure. Ardith alikuwa akimkemea kwa hilo. Sasa angetoa chochote amkemee tena.

Mwishoni mwa Februari, mwenyekiti wa chama, Harlan Coker, alisimama mbele ya kibanda, kofia mkononi.

"Bi Ardith, sheria unaijua."

"Niambie wewe. Nataka kuisikia ikitoka kinywani mwako."

"Kibanda ni cha mwanachama. Mwanachama akifa, nyumba yake inakishika mpaka mashindano ya kwanza ya masika. Siku hiyo mtu wa nyumba ile apande boti, avue samaki mmoja aina ya besi mwenye urefu wa inchi kumi na tano au zaidi, amfikishe kwenye mizani akiwa hai. Samaki mfu hahesabiwi. Akishindwa, kibanda kinakwenda kwa anayefuata kwenye foleni."

"Na anayefuata ni nani?"

Coker akatazama viatu vyake. "Delmus."

Delmus hakuficha alichokitaka. Alishatangaza kwa kinyozi na kwenye pampu ya mafuta kwamba mkwewe atauza bia pale. Bia, mahali ambapo Ardith alimimina kahawa akiimba tenzi. Alijifuta mikono kwenye aproni.

"Niandike jina," alisema.

* * *

Duka la rehani la Royce Tidmore lilikuwa na kila kitu ambacho watu wa wilaya ile walishindwa kukikomboa: magitaa, misumeno, bunduki, pete za ndoa, na ukutani nyuma kabisa, fimbo za kuvulia. Ardith aliingia na dola arobaini ndani ya glavu yake ya kanisani. Hakuwa na zaidi, na hakukusudia kukopa.

Tidmore alikuwa mtu mnene mwenye kijiti cha meno mdomoni. Alikuwa akicheza karata kila Alhamisi na Delmus, na Ardith alilijua hilo.

"Aa, Bi Ardith! Nimesikia unakwenda kupambana na wanaume." Akanyanyua kifurushi cha plastiki kinachong'aa. "Hii hapa, mama. Mpya. Fimbo na rili yake ya kukunjia mshipi, dola thelathini tu. Tena ya rangi ya waridi."

"Sikuja kutafuta rangi."

"Basi hii." Akashusha fimbo fupi, nene kama ufagio, yenye ile rili inayokaa juu, ambayo wavuvi wa boti kubwa huipenda. "Kama ya Delmus. Hii inamtoa besi majini na mizizi yake."

Ardith aliizungusha rili ile kwa kidole, akasikia ndani yake kitu kinakwaruza. Rili za namna ile zikiwa za bei rahisi ni adhabu. Unarusha, gurudumu linakimbia kuliko mshipi, na mshipi wote unajisokota kama nywele ambazo hazijaona kitana wiki nzima. Mwenye fedha hununua nzuri. Asiye nazo huiacha pale pale ukutani.

Zaidi ya hapo, alijua ataketi wapi. Katika mashindano yao, mwenye boti husimama mbele na kuiongoza kwa injini ndogo ya umeme, akapata ukingo mpya, vichaka vipya, kila penye samaki. Wa kiti cha nyuma hurusha pale ambapo mwenzake ameshapita. Ardith alikikalia kiti kile miaka mingi nyuma ya Ennis. Ennis alimpenda, Mungu anajua, lakini ukingo hakumwachia hata siku moja. Mtu wa nyuma akijitia kuvua kama wa mbele, kwa fimbo nene na chambo kinachopiga kelele, anarudi mikono mitupu. Wa nyuma anavua polepole, kwa mshipi mwembamba na chambo kidogo, na fimbo ndefu yenye ncha inayosikia.

"Nishushie ile," alisema.

"Ipi? Hiyo ya kijivu? Kizee hicho, mama. Mwenyewe ameshakufa."

"Na wangu pia. Nishushie."

Ilikuwa ndefu, si nene wala si nyembamba. Aliibonyeza ncha kwenye dari ya duka, akaona inavyojikunja: juu laini, kiunoni ina nguvu. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa soksi ndefu ya nailoni, ile ya kuvalia kanisani, akaanza kuipitisha kwenye pete za fimbo, moja baada ya nyingine.

Tidmore aliacha kutafuna kijiti. "Ndiyo nini sasa? Unaivalisha?"

Kwenye pete ya tatu soksi ikakwama, uzi ukavutika. Ardith akainua fimbo kwenye mwanga. Ufa mdogo kama unywele. Mshipi mwembamba ukipita pale na samaki mkubwa upande wa pili, hukatika kama umeguswa na wembe.

"Pete imepasuka," alisema.

"Haionekani hata!"

"Ndiyo maana nimekuja na soksi. Punguza."

"Bei ni bei."

"Basi ing'ang'anie, Royce. Ikuzike." Akaanza kukunja soksi.

Tidmore akatema kijiti. "Haya, haya. Ishirini. Pete utajua mwenyewe."

Rili aliichagua kwenye sanduku la vumbi chini ya kaunta. Ilikuwa ya ile aina ya wazi, inayoning'inia chini ya fimbo. Moja ilikuwa mpya, haina jina la maana, nyepesi kama kopo. Nyingine ilikuwa imechubuka, lakini ya kiwanda ambacho Ennis alikiamini. Aliushika mpini wake wa kuzungushia, akautikisa ubavuni, haukucheza. Akauzungusha, ukaenda kimya. Akakaza breki yake kidogo na kuvuta mshipi taratibu, ukatoka sawasawa bila kurukaruka. Hilo ndilo alilotaka hasa, kwa kuwa breki ndiyo inayouachia mshipi mwembamba utoke samaki anapovuta, usikatike. Akaweka ile mpya pembeni na kulipia iliyochubuka.

"Utamkumbuka Royce siku kibanda kikiwa cha Delmus," Tidmore alimwambia akiwa mlangoni. "Ungechukua ya waridi, ungependeza angalau."

"Na wewe ungepiga mswaki," alijibu Ardith, akatoka. Njiani akamwomba Mungu msamaha kwa jibu lile, lakini si kwa moyo wote.

Pete mpya aliifunga mwenyewe kwa uzi na gundi, juu ya meza ya jikoni.

* * *

Jioni ya kuamkia mashindano walikutana kwenye ukumbi wa chama kupanga nani apande na nani. Coker alichomoa vikaratasi kwenye kofia. Aliyempata Ardith alikuwa kijana wa mashine za mbao, ambaye alinung'unika bila hata kushusha sauti.

"Nimelipa kiingilio nikabebe mama wa kwaya?"

Watu wakacheka. Ndipo Delmus akasimama, mkono kifuani, uso wa upole kama wa shemasi mwenye sahani ya sadaka.

"Msigombane. Nipeni mimi. Ni mtu wa nyumbani, mke wa kaka yangu. Nani amtunze kama si mimi?"

Wanawake waliokuwa wakipanga vikombe wakaguna kwa huruma. Coker akamtazama Ardith. "Unakubali?"

Alielewa vizuri kabisa alichokuwa anapewa. Akikataa, ataonekana mjane mwenye kinyongo, na kijana yule hatamtaka. Akikubali, mtu anayekitaka kibanda chake ndiye atakayeshika usukani.

"Nakubali," alisema.

Delmus akamwinamia sikioni walipokuwa wakitoka. "Njoo na sweta, shemeji. Kiti cha nyuma kina baridi."

* * *

Upepo wa kaskazini ulivuma usiku ule, na asubuhi anga ilikuwa ya buluu ngumu bila wingu. Ardith alifika gatini na fimbo yake moja, kopo la vimkate, na birika la kahawa. Kwenye sitaha ya mbele ya boti ya Delmus zilikuwa zimelazwa fimbo sita. Alizitambua zote. Moja ilikuwa bado na kitambaa chekundu ambacho Ennis alikifunga mpinini kwa sababu ya jasho.

"Kumbe ndiko unakozihifadhi," alisema.

"Fimbo isipotumika inakufa, shemeji. Kaa chini, naondoka."

Alimpeleka kwenye mkono wa ziwa uitwao Kwa Msaga, ambako zamani palikuwa na shamba na barabara kabla bwawa halijafungwa na maji kumeza kila kitu. Delmus akashusha injini ndogo ya umeme, na tangu pale hakuficha tena. Badala ya kuiendesha boti sambamba na ukingo, ili hata wa nyuma apate pa kurusha, aliielekeza pua yake moja kwa moja ukingoni. Yeye akawa anapiga vichaka kwa raha, na Ardith nyuma ana maji matupu yenye kina mbele yake, peupe, bila hata kijiti.

"Delmus, igeuze kidogo."

"Upepo, shemeji. Ndio unaoielekeza, si mimi."

"Upepo unatoka kule."

"Basi omba. Si wewe wa maombi?"

Ardith aligeukia kwenye kina. Alifunga chambo chake, kimnyoo cha mpira cha urefu wa kidole na kipande kidogo cha risasi, akakirusha kwenye kina, akakiacha kizame mpaka mshipi ukalegea. Chini palikuwa pagumu. Akakiburuta taratibu, na ile ncha laini ikamwambia kila kitu: kokoto, kokoto, ukingo, kisha kimnyoo kikatumbukia tena. Ilikuwa ile barabara ya zamani. Akakaa wima.

Saa zilipita. Delmus alipiga vichaka kwa fimbo ya kitambaa chekundu, akapata wawili wadogo wa kubahatisha, akawatia kwenye tangi lake la mbele la kuwekea samaki hai, kwa kelele kama amepata nyangumi. Kila alipokosa alitukana, na kila alipotukana aligeuka kuona kama Ardith ameudhika.

Kabla ya adhuhuri ncha ikagonga. Ardith akavuta, akamleta besi wa kijani. Delmus akaja na ubao wa kupimia, mwepesi kuliko alivyokuwa asubuhi nzima.

"Kumi na nne! Mrudishe akamalize shule."

Ardith alimrudisha majini. Lakini sasa alijua. Baridi ya usiku ilikuwa imewashusha samaki kutoka ukingoni. Walikuwa chini, kwenye ile barabara, na Delmus, kwa kumnyima ukingo, alikuwa ameishikilia boti pale pale asubuhi nzima bila kujua, mgongo wake ukiwaelekea.

Akamimina kahawa, akanywa. Angeweza kumwambia. Hakumwambia.

Jua lilipoanza kupinda, Delmus akatazama saa yake. "Nikirusha mara kumi tunaondoka. Sitaki kuchelewa mizani."

Kwenye kurusha kwake kwa nne, mshipi wa Ardith ukaanza kutembea kando peke yake, bila kugonga, kama mtu anayeondoka mkutanoni bila kuaga. Akakunja uliolegea, akavuta. Fimbo ikajikunja mpaka mpinini. Breki ikaanza kulia, ule mlio mwembamba, sawasawa, haurukiruki.

"Wavu, Delmus."

Delmus aligeuka, akaona fimbo ilivyojipinda, na uso ukambadilika. Mtu wa mbele humshikia wavu mwenzake wa nyuma hata kama wametukaniana mama zao. Wavu ulikuwa chini ya mguu wake. Hakuusogeza.

"Umenasa chini, si samaki."

"Umeukanyaga."

"Nimesema umenasa." Na akabonyeza kanyagio la injini. Boti ikaruka mbele.

Samaki akapita chini ya boti, mshipi ukaelekea kwenye panga la injini kubwa. Ardith akapiga magoti, akaizamisha fimbo majini mpaka rili, sweta na mkono ndani ya maji ya barafu, akauzungusha mshipi nyuma ya panga akiwa ameegemea nje kiasi cha kuanguka. Pete aliyoifunga jikoni ikashika. Upande wa pili samaki akaruka, mdomo wazi, akitikisa kichwa, na hata Delmus akasema "Yesu" bila kupenda.

"Usilitaje kama husali," alisema Ardith kwa meno yaliyofungana.

Hakuwa na wavu. Alimchosha, akamleta ubavuni, akaacha aondoke, akamleta tena, kisha akamtia kidole gumba mdomoni, akabana taya, akampandisha. Akauvuta ubao mwenyewe. Mkia ulipita alama ya kumi na nane.

Delmus hakumpima. "Tangi la mbele ni langu. Tumia la nyuma."

Tangi la nyuma lilikuwa na maji kidogo, na pampu yake ya kuingiza maji mapya ilikuwa imezimwa. Swichi ilikuwa mbele, kando ya usukani, karibu na goti la Delmus.

"Washa pampu."

"Imeharibika."

"Asubuhi niliisikia."

"Basi imeharibika tangu asubuhi."

Akawasha injini kubwa, boti ikainua pua. Ardith akamwaga vimkate vyote ziwani, akapiga magoti kando ya tangi, na kwa kopo lile akaanza kuchota maji yaliyokuwa yakiruka ubavuni, akiyamwaga tangini kutoka juu ili yaingie na hewa. Boti ilipiga kila wimbi. Aliumia goti, aliumia kiuno. Besi alilala upande, akampindua akae sawa, akachota, akampindua tena. Midomo ya Ardith ilikuwa ikitembea. Delmus, akigeuka, huenda alidhani anamlaani. Alikuwa anasoma zaburi, lakini aliyemwona akilini kwenye kila adui wa zaburi ile alikuwa Delmus.

* * *

Coker mwenyewe alimtoa samaki kwenye mfuko wa maji, akampima, akamweka kwenye sahani ya mizani. Samaki alilala. Watu wakasogea. Delmus akakunja mikono.

"Pole, shemeji. Mfu ni mfu."

Coker akamgusa mkia. Besi akajikunja, akampiga mwenyekiti kofi la maji usoni, nusura aruke nje ya sahani.

"Hai!" alipiga kelele Coker akijifuta. "Hai, inchi kumi na nane, na kibanda ni cha nyumba ya Ennis Pruett!"

Watu wakapiga makofi, wengine kwa furaha, wengine kwa kuwa wenzao wanapiga. Delmus akacheka kwa sauti kubwa kuliko wote.

"Nani alimpeleka? Ni mimi niliyemweka juu ya samaki!"

"Ni kweli," alisema Ardith, sweta likichuruzika. "Alinishikia boti pale pale asubuhi nzima. Yeye mwenyewe akawa anavua penye vichaka vitupu." Akanyoosha mkono. "Sasa nipe fimbo za mume wangu."

"Ninakuhifadhia."

"Mbele ya hawa wote. Nipe."

Delmus alitazama huku na huku kutafuta jicho la kumtetea. Hata Tidmore alikuwa anaangalia ziwa. Alizitupa kwenye mbao za gati, sita zote, zikalia. Ile ya kitambaa chekundu ilikuwa imevunjika ncha. Ardith aliziokota moja moja, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

Jumapili, walipofika kwenye neno la kuwasamehe, alifungua mdomo. Halikutoka. Akaufumba. Safu mbili mbele, Delmus naye safari hii alikuwa kimya.

Jumatatu alfajiri, kahawa ikichemka, taa ya pikapu ikamulika kibanda. Upande ule wa ziwa hapakuwa na muuza chambo mwingine. Delmus akaweka ndoo yake juu ya kaunta bila kusalimu, na fedha kando yake. Ardith akachovya wavu, akahesabu visamaki kimoja kimoja vikiangukia ndooni, akafika idadi, akaning'iniza wavu kwenye msumari.

Delmus hakuichukua ndoo. Aliitazama, kisha akautazama wavu.

"Na ya nyongeza?"

"Ya nyongeza alikuwa anatoa Ennis," alisema Ardith, akamgeukia mteja aliyekuwa nyuma yake. "Karibu, mwanangu. Kahawa?"